Fataki kwa Kila Sura

Bwana Floribert hakuja na bunduki, na ndiyo sababu Anaclet alimwogopa zaidi. Alikuja na mwavuli. Aliukung'uta mlangoni kwa adabu, akamsalimu Virginie, mke wa Anaclet, kwa kumwita maman, akaketi kwenye kiti cha plastiki kando ya kompyuta kama mteja aliyekuja kuulizia filamu ya ubatizo. Alisema anatoka ofisi fulani ya usalama. Hakuitaja, wala hakuna aliyemwuliza, maana katika Bukavu ya mwaka ule wa 2004 kuuliza ofisi gani ilikuwa ni kama kuomba upelekwe huko.

Mwezi Juni waasi walikuwa wameushika mji kwa wiki nzima. Walipora, waliua, kisha wakafukuzwa, na sasa watu wa serikali waliorudi walitaka kujua nani alikuwa rafiki wa nani. Floribert alijua kwamba muda mfupi kabla ya vita ile Anaclet alipiga filamu ya arusi ya Komanda Lucien, ambaye baadaye alijiunga na waasi na kukimbia nao. Alikuja kuiomba filamu hiyo.

"Si kwa mubaya, papa," alisema. "Tunapenda tu kuona nani alichezaka pale, nani alipanaka cadeau, zawadi ya arusi. Siku ya posho nitakuya, tutaiangalia hapa kwako, pamoja. Kama iliungua, ao iliibiwa, utanielezea vizuri vile iliungua."

Anaclet alijibu kwamba kazi ya kuihariri haijaisha, na hilo lilikuwa kweli tupu. Floribert akaonyesha kufurahi. Akasema basi aimalize, Jumamosi, hiyo siku ya posho, bado iko mbali. Alikunywa maji aliyopewa, akashukuru, akashuka na njia ya matope kuelekea soko la Kadutu. Nyuma ya pazia la chumba cha ndani hakukusikika hata kikohozi. Humo alikuwa amekaa Laurette, mdogo wake Virginie, ambaye ndiye aliyekuwa bibi-arusi.

* * *

Tuseme ukweli kuhusu arusi ile, kwa kuwa walioihudhuria hawatausema. Laurette hakumpenda Komanda Lucien, na hakuna aliyemwuliza kama anampenda. Komanda alimwona katika arusi ya watu wengine, akimshikia shemeji yake taa ya kupigia filamu, na kesho yake askari wakaja mlangoni na kreti za bia. Anaclet na Virginie walitazamana, wakazipokea. Ng'ombe wa mahari walipokelewa na baba mdogo, mzee Cirhuza, kwa kuwa baba mzazi wa mabinti hao alikwisha kufa. Mzee aliwapapasa ng'ombe migongo mmoja baada ya mwingine, akasema mtoto amepata bahati.

Katika arusi za mji ule kuna saa ya zawadi. Muziki unapigwa, wageni wanasimama mstari mmoja, wanacheza polepole kuelekea meza ya maarusi, na kila mtu amebeba chake: beseni, vitenge, sufuria, debe la unga. Kamera inakaa mwisho wa mstari, na kila mgeni akiifikia anapunguza mwendo, anainua zawadi yake, anatabasamu. Asiyeonekana kwenye filamu ni kama hakutoa kitu. Siku ile walisukumana kuliko siku zote, maana kila mmoja alitaka Komanda, akikaa kwake na kuiangalia filamu, aione sura yake na aikumbuke kwa wema. Mama Bintu, muuza vitenge, aliweka kifurushi chake mezani, akachukua kingine, akarudi kwenye mstari upya. Mwalimu Marcellin wa kwaya alinyanyua beseni juu ya kichwa kama anatoa sadaka. Mzee Cirhuza alisimama mbele ya kamera hata walio nyuma wakamkanyaga visigino. "Unipate vizuri, Anaclet," alisema, na kipaza sauti kikalidaka neno hilo pamoja na muziki.

Basi miguu ile ile iliyocheza ndiyo iliyopanda sasa njia ya matope, ikiingilia mlango wa jikoni. Sijui nani aliwaambia. Mwavuli wa Floribert ulikuwa haujafika barabarani, na tayari mtaa mzima ulikuwa na habari.

Wa kwanza alikuwa mzee Cirhuza mwenyewe, kofia imeshuka hadi kwenye nyusi. Hakuzunguka mbuyu. Aliomba akatwe atolewe kwenye filamu, yeye na mke wake na mtoto wake aliyebeba debe. Anaclet alimweleza kwamba haiwezekani, kwa sababu saa ya zawadi ni mstari mmoja na wimbo mmoja. Ukikata mtu, wimbo unaruka, na mtu wa usalama akisikia wimbo unaruka atauliza nani alikuwa pale uliporuka.

"Sasa tufanye je?" mzee aliuliza. "Banaweza niua juu ya beseni?"

Anaclet alikuwa anaangalia kioo cha kompyuta, na hapo ndipo wazo lilipomjia, na mimi nasema afadhali lisingemjia.

* * *

Komanda Lucien alikuwa ameona, katika filamu ya arusi ya mkubwa wake mmoja, jambo lililomtoa pumzi. Anga inakuwa nyeusi, fataki inapanda, inapasuka, cheche za dhahabu zinasambaa, na katikati ya cheche picha ya maarusi inafunguka polepole hadi kujaa kioo kizima. Naye alitaka iwe hivyo mwisho wa filamu yake. Anaclet alitafuta santuri ya kompyuta yenye fataki za namna hiyo hadi akaipata kwa rafiki yake aliyetoka Kampala, akajifunza mwenyewe. Unaweka fataki juu ya picha, unaiambia mashine iondoe weusi wa anga na kubakiza moto peke yake, halafu unaipanua picha kidogo kidogo kutoka mahali moto ulipopasukia. Kipande hicho alikimaliza kabla ya vita. Kilikuwa kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya, na alikuwa anajivunia.

Sasa aliona kwamba kinachoweza kufunua kinaweza kufunika pia. Kama mteja aliomba fataki, nani atashangaa akizikuta filamu nzima? Ataweka moto juu ya kila sura inayopita. Akiulizwa, atasema Komanda alipenda hivyo, na Komanda hayupo wa kumkanusha.

Mzee Cirhuza alipoambiwa alishika mikono miwili ya Anaclet akaitikisa kwa nguvu. Jioni ile ile alikuja Mama Bintu na sambaza, vile visamaki vya ziwani, zilizokaushwa zimefungwa kwenye jani. Alimweleza Anaclet, kwa sauti ya chini, kwamba yeye anahitaji fataki mara mbili. Akaja Mwalimu Marcellin, akaja mke wa fundi viatu, akaja hata mtu ambaye Anaclet hakumkumbuka kabisa, aliyekula wali tu na kuondoka, lakini hakutaka kubahatisha. Wote walipitia jikoni, na jikoni alikuwa Laurette anachambua maharagwe. Mama Bintu alimruka miguu kama mtu anavyoruka mfereji. Mwalimu Marcellin, aliyemfundisha kuimba tangu utotoni, alimwuliza Virginie kama yule mtoto anaendelea vizuri, na yule mtoto alikuwa amekaa mbele yake.

Laurette hakulalamika. Tangu Komanda amkimbie na kumwacha katika nyumba iliyoporwa, akarudi kwa dada yake na sanduku moja, alikuwa amezoea. Bombani wanawake walisogeza ndoo zao alipofika. Walimwita bibi ya muasi, si kwa matusi, bali kama wanavyomwita mtu kwa kazi yake.

* * *

Kufunika ni kazi ngumu kuliko kufunua. Cheche zina nafasi katikati, na katika nafasi hizo jicho la mtu linachungulia, au jino la dhahabu la mzee Cirhuza. Ilimbidi Anaclet arundike fataki juu ya fataki mpaka ziwe nene. Tena watu walikuwa wanacheza, vichwa vinakwenda huku na huku, kwa hiyo moto ulipaswa kuwafuata, picha kwa picha, na umeme ukikatika anaanza upya pale alipoishia kuhifadhi. Alikuwa anakosea. Alimfunika mtu begani akamwacha uso.

Ndipo Laurette alipotoka nyuma ya pazia, akavuta kigoda, akakaa kando yake bila kuombwa.

"Huyu ataenda kushoto," alisema. "Anafanya bile kila saa akicheza. Umungoje kule."

Alikuwa sahihi. Alasiri nzima ya arusi yake alikaa kwenye kiti kilichopambwa, hana la kufanya ila kuwaangalia wanaokuja, na aliwakumbuka wote: nani anainama, nani anageuka kutazama kama Komanda amemwona, nani anapunga mkono. Alimwonyesha Anaclet kila mahali pa kuweka moto. Walifanya kazi hivyo siku mbili, kwa umeme wa kuomba Mungu, na kuna wakati walicheka. Mzee Cirhuza alipotokea na moto ukamng'ang'ania kichwani kama nyuki, Laurette alicheka hadi akashika mbavu. Neno lake la "unipate vizuri" Anaclet alilifunika kwa mshindo wa fataki. Alimfunika pia Virginie, aliyekuwa akicheza na mtoto wao Gloire mgongoni, na mtoto akapata fataki yake ndogo. Yeye Anaclet hakuhitaji. Mshika kamera haonekani.

Walipofika mwisho waliirudia yote kuanzia mwanzo. Ukumbi ulikuwa umejaa watu wenye moto badala ya vichwa, na mwisho wa ukumbi, kwenye viti viwili vyenye maua, walikaa Komanda na Laurette, sura zao wazi kabisa. Laurette aliangalia hadi wimbo ukaisha.

"Bote beko na moto kwa sura," alisema. "Nani alikuombaka juu yangu?"

Anaclet alishika kipanya cha kompyuta, akakiachia. Hakuna aliyeomba. Walikuja mmoja mmoja, walileta sambaza, walimshika mikono, na hakuna hata mmoja aliyesema, na huyu mtoto je. Naye mwenyewe hakufikiria. Aliona aibu.

Alijaribu kueleza. Alisema arusi haiwezi kukosa bibi-arusi, kwamba Floribert si mjinga, kwamba akimfunika yeye hakuna tena sababu ya fataki zote zile. Virginie alikuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi. Aliuliza kwa nini angalau asiiondoe ile picha kubwa ya mwisho. Mzee Cirhuza, ambaye siku hizo alikuwa hakosekani nyumbani kwao, alijibu kabla ya Anaclet.

"Ile picha iache," alisema. "Moto yote ile, ikikosa picha, itaonekana iko ya kuficha batu. Ni picha njo inatuokoa."

Alisema kweli, na kweli yake ilikuwa mbaya. Fataki zina maana kwa sababu zinaishia kwenye picha. Picha yenyewe Anaclet aliipiga bustanini kando ya ziwa: Komanda ameweka mkono juu ya bega la Laurette, anatazama maji, lakini Laurette anatazama moja kwa moja ndani ya lenzi, kwa sababu nyuma ya lenzi palikuwa na shemeji yake. Wakati ule Anaclet aliona ni macho mazuri kwa picha. Sasa aliona kwamba alikuwa anaombwa kitu. Laurette aliinuka akarudisha kigoda mahali pake, akaenda kumalizia maharagwe.

* * *

Ijumaa asubuhi Virginie alimfunga mdogo wake kitambaa cha kilemba hadi kwenye nyusi, wakapanda gari la abiria kwenda Katana, ambako masista wa misheni walikuwa wamemfahamu mama yao. Alipanga kumwacha huko mpaka mambo yapoe. Anaclet alibaki na Gloire, hakugusa kompyuta, alikuwa anasikiliza njia tu.

Walirudi kabla ya giza, wote wawili, matope hadi magotini. Walifika kijiji cha Miti tu. Mbele kulikuwa na kizuizi cha askari, na abiria mmoja, mwanamke aliyekuwa anapeleka chumvi sokoni, alimtambua Laurette licha ya kilemba. Hakupiga kelele. Alimwambia dereva tu kwamba yeye hawezi kupita kizuizi na bibi ya komanda ndani ya gari moja, na wengine wakasema hata sisi. Dereva aliomba radhi, akawafungulia mlango, wakashuka mbele ya soko watu wakiwaangalia. Njia ya Walungu nayo ingekuwa vivyo hivyo. Upande wa ng'ambo, mpakani, wangemwandika jina. Virginie alisimulia hayo akiwa anamnawisha mdogo wake miguu kwenye beseni, mojawapo ya yale mabeseni ya arusi lililobaki nyumbani kwao tangu siku ile, na alipomaliza kusimulia aliendelea kunawisha miguu iliyokwisha takata.

Anaclet alisema atamwambia Floribert kwamba bibi-arusi alikwenda na mumewe. Laurette akasema si vibaya. Alisema pia kwamba anaomba sabuni.

* * *

Jumamosi Floribert alifika na mwavuli wake ingawa jua lilikuwa linawaka. Sebuleni aliwakuta mzee Cirhuza, Mama Bintu na Mwalimu Marcellin. Walikuwa wamekuja, walisema, kumsalimu Anaclet. Kweli ni kwamba kila mtu alitaka kuhakikisha moto wake kwa macho yake. Floribert aliwapa mkono wote, akafurahi kuona majirani wanapendana. Laurette alikuwa nyuma ya pazia. Virginie alikaa kando ya mume wake, Gloire amelala mgongoni.

Filamu ilianza. Ilipofika saa ya zawadi na fataki ya kwanza ikapasuka juu ya mtu wa kwanza, Floribert alicheka. Ya pili pia ilimchekesha. Baadaye aliacha kucheka, akasogeza kiti. Aliuliza kama mashine ni mbovu. Anaclet akasema, kama alivyojizoeza, kwamba client aliomba hivyo, alipenda sana moto. Floribert alitikisa kichwa, akasema hilo linajulikana, Komanda Lucien alipenda moto. Mama Bintu alipita mara ya kwanza, akapita mara ya pili, hakuna sura. Mzee Cirhuza alipita, mshindo ukapasuka, na mzee aliyeko kwenye kiti akafuta jasho kwa kofia.

Kisha anga ikawa nyeusi. Fataki ya mwisho ikapanda, ikapasuka, na kutoka katikati ya dhahabu picha ikafunguka, ikakua, ikajaa kioo chote. Hata watu wale, waliokuwa wanaogopa, waliguna kwa uzuri wake. Floribert aliomba isimamishwe hapo. Ikasimamishwa. Laurette wa pichani alikuwa anawatazama wote.

"Huyu mwanamuke ni mutoto wa nani?" Floribert aliuliza.

Anaclet, maneno aliyoyapanga yamempotea, alisema yeye ni mpiga picha tu. Wateja ni wengi. Sauti ilimtoka kama ya mtu aliyeamshwa. Mwalimu Marcellin alisema labda si mtu wa parokia hii. Floribert akamgeukia mzee, kwa heshima, kwa kuwa ndiye mkubwa wao, naye mzee Cirhuza aliiangalia picha kwa muda kama mtu anayejitahidi kukumbuka. Ng'ombe aliowapokea walikuwa bado kwake, wanakamuliwa kila asubuhi.

"Hatumujue," alisema. "Bana ba hii mji ni bengi."

Pazia likasogea. Laurette alitoka akiwa amevaa kitenge chake cha kila siku, mikono bado ina povu la sabuni. Alikwenda akasimama kando ya kompyuta, karibu na sura yake mwenyewe, ili mtu asiwe na shida ya kulinganisha.

"Ni miye," alisema.

Floribert alimtazama yeye, akaitazama picha, akawatazama waliokaa. Hakuonekana kukasirika. Alimwuliza, kwa upole ule ule wa siku ya kwanza, nani wengine walikuwa pale siku ile.

Laurette aliwaangalia polepole, kuanzia kwa Mwalimu Marcellin, akapita kwa Mama Bintu na baba mdogo wake, akamalizia kwa shemeji yake na dada yake. Mama Bintu aliinamisha uso. Chumba kizima kilikuwa kinamngoja yeye, watu ambao wiki nzima hawakumwona.

"Hakukuwaka mutu," alisema. "Nilikuwaka peke yangu."

Floribert alishusha pumzi kama mtu aliyepata jibu la kutosha kwa leo. Alichukua mwavuli wake, akamwambia Laurette avae viatu. Virginie alitaka kusimama. Hakuweza, kwa sababu Anaclet alikuwa ameshika pindo la kitenge chake, chini, mahali pasipoonekana, na alikuwa ameshika kwa nguvu zake zote. Virginie alimgeukia, akamtazama, na alilia bila kutoa sauti ili asimwamshe mtoto.

Sebule ilikuwa ndogo na viti vilikuwa vingi. Laurette alivaa ndala zake akaelekea mlangoni, na mzee Cirhuza akavuta magoti yake nyuma ili apite.